Kipoyi Kimoja cha Dubai

Dubai hii haikuwa ya Waarabu. Ilikuwa kambi ya dhahabu msituni, mbali na mji wa Butembo, mashariki mwa Kongo, na katika miaka yake ya shibe ilijaa maduka, baa na kanisa la mbao. Mwenye mashimo yote alikuwa Zacharie. Shimo moja lilipomfukia mchimbaji Melchior, Séphora, mke wa Melchior, alimpigia Zacharie magoti, akimwita patron, yaani bosi, na kumsihi wachimbaji wamtoe mumewe akazikwe kijijini kwao Kipese. Zacharie hakuinua hata macho.

"Mama, shimo ni kaburi tayari," alisema. "Kazi hapana simama juu ya mutu moya."

Akamwaga sementi, akajenga nyumba yake pale pale juu. Séphora akarudi Kipese kulima viazi. Kusamehe hakusamehe, na kila Jumapili kanisani alimwomba Mungu ampe Zacharie maisha marefu, asije akafa kabla hajalipa.

Dhahabu ikakauka. Watu waling'oa mabati na mbao zao, wakahamia machimbo mengine. Hata mke wa Zacharie alitorokea Beni. Zacharie akabaki peke yake, akingoja dhahabu irudi. Séphora aliposikia hayo, aliwachukua mashemeji zake wawili, sururu na kipoyi, ile machela ya miti ya kubebea wagonjwa na maiti.

Walimkuta mlangoni, mguu umevunjika na kuvimba, hawezi hata kutambaa. Alipokiona kipoyi alilia kwa furaha, akasema ni Mungu aliyewatuma. Walimsogeza kando, wakavunja sakafu, wakachimba. Jioni waliifikia mifupa, pamoja na buti la mpira la Melchior, ambalo Séphora mwenyewe alilitia kiraka chekundu. Kazi ya siku moja tu, ndiyo aliyoikataa mtu huyu.

Kulipokucha Séphora akaifunga mifupa katika kikwembe, kitenge chake, akailaza juu ya kipoyi.

"Mifupa hapana haraka, mama," Zacharie alisihi. "Mimi niko muzima. Munibebe kwanza, yeye mutamurudilia."

Séphora alimtazama, na moyo wake ukaona utamu ambao haukuuonja tangu awe mjane. Safari hii hakumwita patron.

"Kipoyi ni moya, Zacharie. Na kazi hapana simama juu ya mutu moya."

Wakabeba. Nyuma yao mayowe yalianza, na shemeji mdogo akataka kugeuka. Séphora akamwambia atazame njia.