Chumba cha Mtu Mmoja

Mdogo wangu alikuwa akisaga unga wa elektroliti, ule unaowekwa ndani ya betri mpya za lithiamu badala ya kimiminika. Una salfa. Ukikutana na maji hutoa gesi ya sumu, ndiyo maana husagwa kwenye chumba kikavu, na mashine za kukausha hewa hunguruma kutwa. Hiyo hewa kavu ndiyo inayokula pesa.

Mwaka huu wakubwa wa kiwanda chetu walitaka unga ushuke gharama. Wakagundua kwamba maji mengi humo tunayaingiza sisi wafanyakazi, kwa pumzi na jasho. Basi kati ya wasagaji wawili wakamwondoa mmoja. Mdogo wangu alicheka tu. "Dada, nimeambiwa nipumue kwa adabu."

Siku moja ndoo ya unga ikamwangukia, barakoa ikamtoka, unga ukakutana na jasho lake. Mlango ulikuwa pale pale. Wa kumvuta hakuwepo.

Msibani mkurugenzi alisema ni kazi ya Mungu. Moyoni nikasema: Kazi ya Mungu! Kwani Mungu ndiye aliyemwondoa yule wa pili?

Matanga yalipoisha, nikatolewa kitengo cha kufungasha, nikapewa zamu ya marehemu. Nikavaa ovaroli, nikasimama mlangoni.

"Ingia, dada," alisema msimamizi, tunayemwita Mita kwa kuchungulia mita za umeme. "Mashine inakausha chumba kitupu."

"Naingia na mwenzangu."

"Amri unaijua. Watu wawili ni unyevu."

"Na maiti je? Ni kavu?"

Fundi wa kinu akakohoa nyuma yangu. "Mjibu basi, Mita. Si wewe bingwa wa hesabu?"

"Mnataka nifukuzwe?"

"Heri kufukuzwa kuliko kubebwa," nikasema. Nilikuwa sijawahi kupaza sauti kiwandani. Siku hiyo nilisikika hadi stoo.

Mita akampigia simu mkurugenzi. Sote tulisikia jibu: aingie au aende kwao. Nikaanza kufungua zipu. Fundi naye akavua glovu.

Mita alitutazama, akakata simu, akachukua ovaroli ukutani.

"Twende. Leo unyevu ni mimi."

Sikumshukuru. Nilimwonyesha pa kusimama, mkono wangu unapofika.

"Na kesho," nikamwambia, "ulete wa pili, au utanikuta hapa hapa nje."