Makaburi Nyuma ya Ofisi ya Kinga

Jumanne asubuhi, kabla hata hajavua mtandio, Bibi Afya alipima dawa ya maji kwa kopo la maziwa ya unga. Makopo tisa kwa visima tisa. Akafunga mifuko tisa, akaisukuma mezani kwa Mtunza Ghala aitie sahihi, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma kumwaga majani ya chai ya jana, akakuta uwanja umejaa makaburi.

Alisimama na buli mkononi. Jana yake pale palikuwa na nyasi, kamba ya kuanikia makoti meupe na tairi bovu la gari la chanjo. Tairi bado lilikuwepo. Makaburi yalikuwa yamelizunguka kwa adabu, yamejipanga kwa mistari iliyonyooka kuliko mstari wowote ambao ofisi ile iliwahi kuuchora. Kila kaburi lilikuwa na kibao cha mbao, na kila kibao kilikuwa na jina, tarehe na ugonjwa.

"Mtunza Ghala!" aliita. "Njoo uone. Na uje na daftari."

Mtunza Ghala alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na hakuwa na mpango wa kushangazwa na kitu chochote ndani ya miaka hiyo. Aliyatazama makaburi toka mwanzo hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Haya hayamo kwenye orodha ya vifaa. Mimi siyapokei."

"Nani kakwambia uyapokee? Yahesabu."

Yalikuwa mia tatu na kumi na mawili. Kaburi la tatu mstari wa mbele lilikuwa la mwoka mikate wa ng'ambo ya barabara, ambaye muda huohuo walikuwa wanamsikia akimgombeza mtu kwa sababu ya unga. La saba lilikuwa la dereva wa gari la chanjo, aliyekuwa ndani anatafuta kikombe. Bibi Afya alizidi kusogea, anasoma huku anatembea, mpaka akafika karibu na bomba la maji. Pale palikuwa na kaburi fupi, lisilozidi hatua moja na nusu. Jina la kwenye kibao lilikuwa la kitindamimba wake. Ugonjwa: kipindupindu. Tarehe ilikuwa ya miaka mitatu iliyopita, msimu ule wa mafuriko, Bibi Afya alipomwaga dawa visimani wiki sita mfululizo mpaka vidole vikamchubuka.

Kitindamimba alikuwa shuleni saa hiyo, ana miaka sita, anafundishwa hesabu za kutoa.

Bibi Afya akachukua fagio, akalifagia lile kaburi, akarudi ndani kunywa chai. Alikuwa ameshaelewa. Haya yalikuwa majibu ya barua.

Barua yenyewe ilikuja wiki tatu kabla, toka Makao Makuu. Ilisema fungu la kinga la wilaya litafutwa mwisho wa mwezi, isipokuwa kama ofisi itathibitisha magonjwa iliyoyazuia. Ilikuja na fomu, na kwenye fomu kulikuwa na mstari unaosema: *Watu ambao hawakufa (ambatisha ushahidi)*. Kwa wiki tatu Bibi Afya hakukaa akatulia. Ofisini mguu wake wa kulia ulitikisa meza mpaka wino ukamwagika. Nyumbani alitembea toka jikoni mpaka mlangoni, toka mlangoni mpaka jikoni, hadi mumewe, fundi cherehani, mtu mpole kama pamba, akainua kichwa kwenye cherehani yake.

"Mke wangu, kaa chini. Unanimalizia sakafu."

"Nikae vipi? Mtu ambaye hakuumwa unamwambatishaje?"

"Mpige picha."

"Picha ya mtu anayekula ugali? Watasema kila mtu anakula ugali."

Sasa ushahidi ulikuwepo, tena umepangwa mstari. Siku ile Bibi Afya alijaza fomu, akaandika kwamba ushahidi hauambatishiki kwa gundi, waje wauone.

Habari za mtaani hazihitaji tarishi. Kufikia Alhamisi watu walikuwa wanapitia ofisini wakitoka sokoni, kila mtu anatafuta lake. Waliolikosa waliondoka wamenuna kidogo, kama mtu aliyesahauliwa kwenye mwaliko. Waliolipata waling'oa magugu. Mchimba makaburi wa wilaya alikuja na sepetu begani kulalamika kwamba kazi mia tatu zimefanyika bila yeye kuitwa.

"Nani kachimba? Kingo hizi za mtu anayejua. Nioneshwe mwenzangu."

Muuza Maji, mtu mrefu mpaka watoto walimwita Nguzo, alilala kando ya kaburi lake kujipima, akainuka anajikung'uta.

"Fupi hili! Miguu ingebaki nje kama nimelala kitanda cha wageni. Bibi Afya, hamna saizi nyingine?"

"Shukuru hukulitumia."

"Nimeshukuru. Lakini fupi."

Wa mwisho kuja siku ile alikuwa Muuza Nyama. Huyu alikuwa hasimu wa Bibi Afya wa kudumu. Ndiye aliyembandika jina la Mama Marufuku, tangu siku Bibi Afya alipomwagia nyama ya ng'ombe wake mzima mafuta ya taa mbele ya wateja na kufunga bucha lake majuma mawili. Alizunguka uwanja mikono mgongoni, akasimama mbele ya kibao chenye jina lake. Ugonjwa: kimeta. Tarehe ilikuwa ya siku tano baada ya yale mafuta ya taa.

"Ile nyama," alisema hatimaye, "maini nilikuwa nimeshajiwekea mimi."

"Najua. Yalikuwa kwenye sahani yako, nikamwagia na sahani."

"Sahani nilikudai."

"Bado unanidai?"

Muuza Nyama alifikiri. "Sahani tuiache," akasema, na kuanzia siku hiyo akamwita Mama tu, lile Marufuku likaanguka lenyewe.

Mkaguzi toka Makao Makuu alifika siku ya mwisho ya mwezi, na viatu vyenye kung'aa na ubao wa kuandikia wenye kibanio. Bibi Afya alimpitisha mstari kwa mstari, anatembea mbele yake kwa kasi mpaka jamaa akaanza kuhema. Alimweleza kila kitu: huyu ni chanjo, huyu ni dawa ya kisima, hawa sita ni choo kimoja cha shule kilichohamishwa hatua arobaini. Mkaguzi aliandika yote. Kwenye mstari wa zamani kabisa, wa miaka ofisi ilipofunguliwa, akasimama.

"Hili langu," alisema.

Kumbe alizaliwa wilaya ile, wazazi wakahama akiwa mdogo. Surua, umri miaka miwili. Alichuchumaa, akapangusa vumbi kwenye kibao kwa leso.

"Jina la baba wamelikosea. Herufi moja."

"Tutarekebisha," alisema Bibi Afya. "Sasa umejionea mwenyewe, mwanangu."

"Nimejionea." Alikaa juu ya tairi bovu, akageuza kurasa za fomu mbele na nyuma. "Ila fomu yangu ina safu ya makaburi tu. Haina safu ya makaburi ya walio hai."

"Si uongeze safu?"

"Safu zinatoka juu."

"Lakini wewe uko hapa, unaongea na mimi, na kaburi lako lile pale!"

"Mimi nakuelewa sana, mama. Fomu ndiyo haikuelewi." Akalamba ncha ya kalamu, akahesabu tena, akajihesabu na yeye mwenyewe, akaandika mia tatu na kumi na mbili. Kabla ya kuondoka aliomba maji, akanywa glasi mbili.

Majibu yalikuja baada ya siku kumi. Yalisema kwamba ofisi yenye makaburi mia tatu na kumi na mawili ndani ya uzio wake haiwezi kudai imezuia chochote. Fungu la kinga limefutwa, na fedha zimeelekezwa kwenye ujenzi wa chumba cha maiti cha kisasa, kwa kuwa mahitaji yameonekana wazi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Makao Makuu waliujua msemo huo vizuri sana, na waliupenda ukuta. Ukuta una sherehe ya ufunguzi. Ufa ukishazibwa, utepe utaufunga wapi? Chumba cha maiti kilipokamilika, mumewe Bibi Afya ndiye aliyepewa kazi ya kupinda utepe. Alimwuliza mkewe kama aikatae.

"Pinda tu. Utepe haujamkosea mtu."

Akaupinda vizuri. Ulikatwa mchana kweupe, watu wakapiga makofi, na mlango mpya ukafunguka bila kulia.

Dawa iliyobaki ghalani ilikuwa pipa moja lisilojaa. Bibi Afya akapima nusu kopo kwa kila kisima, kisha robo, kisha akawa anapima kwa kijiko cha chai huku Mtunza Ghala anageuza uso. Mwishoni alisuuza pipa na kumimina masuuzo. Gari la chanjo lilikaa juu ya matofali. Nyumbani alirudia kutembea, jikoni mlangoni, mlangoni jikoni, na safari hii mumewe hakumwambia akae.

Mvua zilianza. Jumatatu moja Bibi Afya alikuta nafasi kwenye mstari wa pili. Kaburi la Muuza Maji halikuwepo. Nyasi zilikuwa zimeota pale kana kwamba hazijawahi kuguswa. Hakuuliza mtu. Alikwenda kwa miguu mpaka makaburi ya wilaya, upande wa kule juu, akalikuta. Kibao kilikuwa kilekile na ugonjwa uleule, tarehe tu ndiyo ilikuwa mpya, ya jana yake. Mchimba makaburi alikuwa anafuta sepetu kwa majani.

"Lilikuja lenyewe asubuhi," alisema. "Nikalipokea. Ila marehemu alisema kweli, lilikuwa fupi. Nimeongeza shubiri mbili."

"Umefanya vizuri."

"Kazi ni kazi, Bibi Afya."

Wiki ile yaliondoka mengine manne. Wiki iliyofuata, kumi. Mstari wa mbele ulibaki kama meno ya kizee. Mwoka mikate alihamia juu, na ng'ambo ya barabara pakawa kimya. Muuza Nyama alikuja kila asubuhi kabla ya kufungua bucha, akaona kaburi lake lipo, akashusha pumzi, akaenda zake. Maini hakula tena.

Mwisho wa robo mwaka ilikuja bahasha kubwa. Makao Makuu yalikuwa yamepokea hesabu mpya: makaburi ndani ya uzio yamepungua kutoka mia tatu na kumi na mawili hadi mia mbili na tisini na saba. Waliipongeza ofisi kwa maendeleo hayo, yaliyopatikana bila fungu lolote, na wakaambatisha cheti cha kutundikwa ukutani. Mtunza Ghala alikitundika. Kilikuwa kwenye orodha ya vifaa.

Bibi Afya alikisoma mara mbili. Kisha akashika meza yake ncha moja, akamwambia Mtunza Ghala ashike nyingine. Wakaitoa kwa mlango wa nyuma, wakaiweka karibu na bomba.

"Itabidi utie sahihi kwamba meza imehamia nje," alisema Mtunza Ghala, anahema.

"Lete."

Akatia sahihi. Akaleta kiti chake, na mwavuli kwa ajili ya mvua, na buli lenye maji aliyoyachemsha mwenyewe. Akakaa, akauweka mguu wa kulia juu ya lile kaburi fupi, kama mtu anayekanyaga karatasi isipeperuke. Watu wenye shida wakawa wanamfuata hukohuko uwanjani, wanakwepa madimbwi, wanaeleza, wanakwenda. Hakuinuka hata kupokea simu.

Saa saba kitindamimba alitoka shule, akatupa mkoba kwenye tairi, akaruka kaburi lake kwa miguu miwili kama alivyozoea, akakimbilia bomba na mdomo wazi.

"Acha hayo," alisema mama yake. "Njoo hapa."

"Nina kiu, mama."

"Najua. Njoo."

Akammiminia kutoka kwenye buli, akamtazama akinywa mpaka tone la mwisho, akammiminia tena. Mguu wake wa kulia ulikuwa unatikisika kama kawaida yake, lakini haukutoka juu ya kaburi.