Nani Ataonja Kidonge cha Nyirabahizi?

Katika kitongoji kimoja cha Keza, vita vilifunguliwa rasmi kila asubuhi kwa shikamoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Nyirabahizi, kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. "Bado upo?"

Kwandu alikuwepo. Aliolewa na Jean Paul, mwana pekee wa bibi huyo, akitokea Runazi kwa Wasukuma wenye ng'ombe, na kosa hilo halikuwa limesamehewa. Jean Paul mwenyewe, shujaa asiye na mfano, aliwasha pikipiki yake na kuondoka mara tu sauti zilipopanda.

Safari hii ugomvi ulihusu kidonge. Nyirabahizi alikuwa amepasuliwa huko Mwanza, akakatwa kipande cha ini chenye saratani. Kovu lake alimwonyesha kila mgeni, hata asiyeomba. Lakini daktari alisema, na Kwandu akayashika maneno yake: uvimbe umetoka, ila virusi vya homa ya ini C bado vimo, na vinaliunguza polepole ini lililobaki. Likiachwa hivyo, saratani inaweza kurudi. Ameze kidonge kila siku, asiruke.

"Kibaya kilishakatwa," alisema bibi. "Mtu aliyepona anapewa dawa ya nini?"

"Hujapona, mama. Umepasuliwa tu."

"Mmesikia? Ananiombea nife!" Aliwaambia kuku, maana hapakuwa na shahidi mwingine. Kisha akanyoosha kidole. "Kama si sumu, onja kwanza."

Kwandu akakitazama kidonge kiganjani mwake. Katika nyumba hiyo, anayekaribisha pombe hunywa funda la kwanza mbele ya wageni, wajue ni salama. Kwandu alijifunza desturi hiyo kwa aibu: alipokuwa bibi harusi alileta mtungi wa pombe ya ndizi bila kuonja, wageni wakautazama kama jeneza mpaka jua likazama.

"Vidonge ni vya hesabu, mama. Nikimeza mimi, wewe utakosa."

"Basi ni sumu."

Kidonge kikarudi koponi. Kesho yake vilevile.

Kwandu hakumpenda mama mkwe wake, tusidanganyane. Lakini alijua bibi akifa, Keza nzima itasema Msukuma kamuua, na Jean Paul ataamini.

Jumamosi jumuiya ya kanisa ikaja kusali pale nyumbani. Baada ya rozari, mwenyekiti Juvenali akauliza kama kuna mwenye nia ya kuombewa.

"Tumwombee mkwe wangu," alisema Nyirabahizi, macho kayafumba kwa uchaji, "aache kutaka kuniua."

Hakuna aliyesema amina. Kwandu akainuka, akaingia ndani, akarudi na kopo la dawa na kikombe cha maji.

"Mama anataka nionje," aliwatangazia. "Naonja."

Akaweka kidonge kwenye ulimi, akafunga mdomo, akawageukia wote mmoja mmoja. Kisha akakitoa, kimelowa, akapiga goti na kumpa bibi kwa mikono miwili.

"Nimeonja, mama. Karibu."

Bibi akakitazama kikimeremeta kwa mate ya Runazi. Kukataa kilichokwisha kuonjwa mbele za watu ni kuitukana nyumba, na nyumba yenyewe ilikuwa yake.

Juvenali akakohoa. "Ameonja, mama. Tumeona."

Nyirabahizi akakichukua kwa ncha za vidole kama anayeokota kupe. Akakimeza, akamaliza maji yote.

"Kichungu," alisema. "Kimepata uchungu mdomoni mwako."

"Kesho nitaonja tena, mama. Na keshokutwa. Mpaka viishe."

"Onja! Ila usukutue mdomo kwanza, mshenzi wewe."

Jumapili alfajiri, kabla ya shikamoo, Kwandu alisukutua mdomo vizuri sana. Kisha akafikiri kidogo, akaingia jikoni, akatafuna kitunguu kibichi.