Bosi Bwawani

Kiingereza kina visirani. Kitu kikiwa ndani kina neno lake, kikiwa kinaingia ndani kina jingine, na kikipita katikati kutokea upande wa pili ndiyo balaa kabisa. Mkwe wangu Iskra alijifunzia haya yote jikoni hotelini, pale ninapopika, mimi nikimchachafya kwa pilipili na sufuria.

"Pilipili iko wapi?"

"Kando ya sufuria, mama."

"Na sasa?"

"Inaingia ndani. Mama, umenirushia supu!"

"Shauri yako. Endelea."

Sikuwa na mchezo. Asipopata kazi ya mapokezi, mwezi wa tano angepanda tena basi kwenda Uhispania kuchuma matunda, na Rali, mjukuu wangu wa miaka sita, angelala tena ameikumbatia sweta ya mama yake. Mwanangu mwenyewe yuko kwenye malori huko Ujerumani. Nimechoka kulea mtoto anayeniuliza mama anarudi lini.

Kulikuwa na jambo moja la kumkanya. Sisi Wabulgaria tukikubali tunatikisa kichwa, tukikataa tunakiinamisha. Wenzetu wote huko nje hufanya kinyume, sijui nani aliwafunza. Basi nikamwambia Iskra, "Mbele ya Mwingereza, ukikataa, tikisa. Usiniaibishe."

Siku ya usaili, Bwana Hartley, aliyeinunua hoteli msimu ule, alimsimamisha kwenye ngazi za bustani. "Mimi ni mgeni, nimepotea," akasema. "Niongoze mpaka kwenye kibanda kile. Nitakwenda kinyumenyume, ili nitegemee maneno yako tu."

Mimi nilikuwa dirishani, kitambaa mdomoni. Iskra akaanza vizuri ajabu: pita kati ya meza, zunguka mwaridi, vuka njia ya mawe. Bosi akarudi nyuma, akarudi, visigino vikafika ukingoni mwa bwawa la samaki.

"Niendelee?" akauliza.

Maskini Iskra! Ulimi ukamganda. Akatikisa kichwa kwa nguvu zote, vile nilivyomfunza.

Lo! Kumbe na yeye bosi, kwa heshima zake, alikuwa ameshajifunza vichwa vyetu. Akatabasamu, akapiga hatua. Chubwi!

Nikasema basi, tumekwisha. Nikatoka mbio na aproni yangu. Bosi alikuwa ameketi majini mpaka kifuani, miwani imempotea, wageni wameacha kahawa zao wanakodoa macho.

"Niko wapi?" akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejua kama acheke.

Iskra akafuta machozi, akajibu Kiingereza kilichonyooka kama rula: "Umo ndani ya bwawa, bwana. Miwani iko chini ya jani, mbele ya goti lako. Umeingia kwa kupita juu ya ukingo. Utatoka kwa upande huu, kuelekea kwangu." Akamnyooshea mkono.

Mzee akalifuata kila neno. Akapata miwani, akatoka, akamwaga maji viatuni. "Mgeni aliyepotea," akasema, "amepatikana. Anza kazi Jumatatu."

Nililia palepale bila haya, aproni usoni.

Jioni nilimpokea Rali mlangoni mwa shule. "Mama yako haendi," nikamwambia.

"Haendi wapi, bibi?"

"Haendi kokote."