Mguu Usiokuwepo

Jamani, kuna watu wamezaliwa kubisha, na baba huyu alikuwa mwenyekiti wao. Alikuwa fundi umeme tangu ujana wake, amepitisha nyaya kwenye nusu ya nyumba za mtaa ule, na hapakuwa na binadamu wa kumwambia lolote kuhusu umeme akamsikiliza. Lori lililorudi nyuma kwa papara lilimponda mguu wa kushoto, ikabidi ukatwe chini ya goti. Ubishi likauacha mzima.

Taabu ni kwamba mguu uliondoka, maumivu yakabaki. Vidole ambavyo havikuwepo vilijikunja na kumchoma kana kwamba vipo, mara nyingi mchana, wakati binti yake amejaza wateja. Binti alikuwa msusi. Saluni yake ndiyo sebule yenyewe, na chumba cha baba kilitengwa nayo kwa pazia tu. Baba akipiga yowe, wateja wanaruka vitini. Vidonge vikali alivyopewa vilimtuliza kidogo, lakini vilimvuruga akili: anamtazama binti yake wa kumzaa, anamuuliza yeye ni nani na nani kamruhusu kuingia humu. Hilo ndilo lililomkata maini binti. Mama alishafariki, ndugu hana. Baba naye akimsahau, amebaki na nani?

Ndiyo maana mtaalamu wa viungo wa hospitali alipomwazima kijimashine cha kutuliza maumivu, binti alikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa kidogo kama simu, kina nyaya na viraka vya kunata. Unavibandika kwenye ngozi, unawasha, umeme mdogo unaitekenya mishipa na maumivu yanapungua. Si kila mtu kinamsaidia, mtaalamu alisema, ila kikimfaa mzee, vidonge vitapunguzwa. Na kwa kuwa kigutu bado hakikutaka kuguswa, viraka vibandikwe kwenye mguu mzima, mahali palepale ambapo mwenzake unauma.

Hapo baba akakaza shingo. Unaouma ni wa kushoto, kwa nini watibu wa kulia? Fundi gani anaona taa ya chumbani haiwaki, akaenda kufungua swichi ya jikoni? Binti akaeleza, akaeleza tena, akabembeleza, akanuna. Wapi! Siku moja akafunua pazia, akamkuta mzee amevibandika viraka vyote kwenye mguu wa bandia aliopewa hospitali na ambao bado hajauvaa, kwenye plastiki tupu, amefungulia umeme mpaka mwisho, anasubiri nafuu. Tena kwa kiburi akamwambia binti airudishe hospitali, mashine yao ni mbovu.

Binti hakujua acheke au alie. Akarudi kwa mteja wake, akamsuka kwa hasira mpaka yule mama wa watu akaomba msamaha, kosa lenyewe halijui.

Mchana wa siku ya pili maumivu yakaja vibaya zaidi. Daktari alikwishasema wasipoona nafuu na mashine, vidonge vitaongezwa. Binti akaacha kichwa cha mteja nusu, akaingia chumbani na kijimashine mkononi, na safari hii hakubembeleza. Akasema yote. Kwamba amechoka. Kwamba baba anamtia wazimu. Kwamba afadhali aseme wazi kuwa anataka kuvurugikiwa akili amsahau mwanawe, ajue moja.

Baba alikuwa ameshika shuka kwa mikono yote, jasho linamtoka.

"Mguu huu mmoja ndio niliobaki nao," akasema. "Umeme naujua mimi. Nimeona unavyowafanya watu."

Kumbe! Ubishi wote ule ulikuwa woga. Hasira ya binti ikashuka nusu tu, maana si angesema tangu mwanzo? Akaketi kitandani, akavibandika viraka kwenye shavu la mguu wake mwenyewe, akafungulia kwa nguvu mpaka msuli ukaanza kucheza. Baba akampokonya mashine. Akamkaripia: nani kamfundisha kuwasha kitu kikiwa juu? Akaishusha mpaka sifuri, akaipandisha pole pole, huku akimuuliza anasikia nini, inachoma au inatekenya. Aliporidhika, akanyoosha mguu wake wa kulia bila kuambiwa.

Binti akavihamishia viraka hapo, akaipandisha mashine pole pole, baba akiwa ameshika shuka tena. Mteja akaita kutoka saluni, binti akamjibu asubiri. Taratibu mikono ya baba ikaachia shuka, uso ukalegea. Kisha machozi yakamtoka.

"Bado unauma?" binti akauliza.

"Hapana."

"Sasa unalia nini tena, baba?"

"Ulipokuwa unauma nilijua upo," akasema. "Sasa hakuna kitu pale, mwanangu. Umekwenda."

 Binti alitaka kukasirika, kwa sababu kukasirika alikwishazoea, ikashindikana. Akashika kitufe, akamuuliza kama anataka azime, walau kwa leo.

 Baba akapeleka mkono mahali ambapo mguu ungekuwa, mahali ambapo tangu atoke hospitali hakuwahi kupagusa, akapapasa shuka tupu mpaka ukingoni mwa kitanda.

"Acha iwake," akasema.