Shanta la Bwana Kijitabu

Bwana Shauri mpya, ofisa wa wilaya, alipofika boma la Singida, mwaka 1951, aliteremka kwenye lori akiwa na shanta la turubai mgongoni na kijitabu mkononi. Shanta lilinunuliwa Uingereza, na kijitabu kilikuja ndani yake kueleza namna ya kulipanga: vitu vyepesi juu, vitu vizito chini. Jina la Bwana huyo lilikuwa Hartli, lakini mwezi haukuisha wapagazi wakawa wanamwita Bwana Kijitabu. Yeye alidhani ni sifa.

Shanta alilivaa siku ile tu, kutoka kwenye lori mpaka barazani. Baada ya hapo lilibebwa na Naftali, Mnyiramba wa Kiomboi, mtu mpole wa makamo aliyebeba mizigo ya serikali tangu Bwana huyo hajaota ndevu.

Tatizo lilikuwa maji. Chupa ya Bwana ilikuwa ya bati, na ikijaa ilikuwa nzito kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo ilikaa chini kabisa. Kila Bwana aliposhikwa na kiu, msafara ulisimama. Naftali alishusha shanta, akatoa koti la mvua, soksi jozi sita, kioo cha kunyolea, beseni la kukunja, kitabu cha sheria na kopo la biskuti. Bwana akanywa mafunda mawili. Kisha vyote vikarudishwa kwa mpangilio, Bwana akisoma kijitabu kwa sauti na karani Anselm akitafsiri.

"Bwana," Naftali alisema siku moja, "mimi maji yangu yako hapa kiunoni, kwenye kibuyu. Nikitaka kunywa, nanywa huku natembea."

Anselm akatafsiri. Bwana akatabasamu kwa huruma. "Mwambie hiyo ni desturi. Hii ni sayansi."

Mwezi wa Oktoba walivuka mbuga ya Wembere, wakaanza kupanda mlima wa Sekenke saa saba mchana. Katikati ya mlima Bwana aligeuka mwekundu, halafu mweupe, halafu akakaa juu ya jiwe bila hata kulitazama.

"Maji," alisema, kwa Kiswahili safi kuliko siku zote.

Naftali akapiga magoti kufungua mikanda. Bizimu moja lilikwama kwa vumbi, akalifungua kwa meno. Akatoa koti, akatoa soksi, akatoa kioo. Alipofika kwenye beseni aliinua uso akaona macho ya Bwana yamepanda juu. Akaacha beseni, akachomoa kibuyu chake, akamshika Bwana kisogo kama anavyonyweshwa mtoto uji. Bwana akamaliza kibuyu chote.

Baada ya muda akafungua jicho moja. "Yalichemshwa?"

"Hapana, Bwana."

Akalifunga tena.

Waliporudi mjini, Naftali alitumwa kupeleka shanta kwa Mzee Kitwana, fundi cherehani wa sokoni, lishonewe mfuko wa chupa. Bwana mwenyewe alifuata nyuma kusimamia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete nilione." Mzee Kitwana akalipapasa turubai. "Limeshonwa vizuri, na mtu ambaye hajawahi kuona kiu. Nani atalibeba?"

"Mimi."

"Na nani atakunywa?"

"Bwana."

Mzee Kitwana akamsimamisha Naftali, akampima Bwana mkono, akachukua sindano ya gunia. Kufikia adhuhuri alikuwa ameshona nje ya shanta mfuko mrefu kama podo la mishale, juu karibu na bega la Naftali, mahali ambapo anayetembea nyuma huchomoa chupa bila kuinama.

Safari iliyofuata ilikuwa ya Ihanja. Bwana alifurahi sana. Alichomoa, akanywa, akarudisha, na hakuna mtu aliyesimama. Alikunywa hata bila kiu. Ila ilimbidi amfuate Naftali hatua kwa hatua, kama ndama.

Pale Ihanja jumbe Melkizedeki alikuwa amewakusanya watu. Walijua kwamba mkubwa hutangulia. Sasa wakaona Mwafrika anatangulia na Mzungu anamfuata nyuma.

"Kama Mzungu ndiye mfuasi wake," jumbe aliwanong'oneza wazee, "huyu ni mkubwa kiasi gani?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Kiti kikawekwa mbele ya Naftali.

"Jamani, mimi ni mpagazi," alisema.

"Wakubwa wa kweli ndivyo wanavyosema," jumbe akajibu, akamkalisha.

Wakaanza kumweleza habari ya ng'ombe: serikali inataka wapunguzwe, na mahari je? Na njaa ikija je? Naftali aliona aibu, lakini pia hakuweza kuwakatiza watu wazima. Akauliza ni ng'ombe wa nani, malambo gani yamekauka. Alisikiliza mpaka mwisho. Mzee mmoja alifuta machozi, akasema tangu enzi za Mjerumani hajawahi kuulizwa swali la pili. Bwana alikuwa amesimama juani na Anselm, ambaye ghafla alisahau kutafsiri.

Waliporejea Singida, shanta likarudi kwa Mzee Kitwana. Bwana aliamuru mfuko ushushwe ubavuni, mkono wa mbebaji uufikie, kwani sasa atabeba mwenyewe na kutangulia mwenyewe.

Safari iliyofuata alitembea nusu saa. Akasimama, akatoa kitabu cha sheria. Mbele kidogo akatoa beseni, halafu biskuti, halafu soksi zote. Vyote vikaingia kwenye sanduku la safari, na sanduku likapanda kichwani kwa Naftali, zito kuliko shanta lilivyowahi kuwa. Bwana akaendelea mbele na chupa yake, akipiga mluzi.

Waliporudi bomani aliandika ripoti. Anselm alipoipiga chapa alimsomea Naftali kwa siri: kwamba ofisa huyu amebuni mfuko wa maji, na sasa anabeba mzigo wake mwenyewe bila msaada wa mpagazi, jambo ambalo limewapendeza sana wenyeji.

"Imekwenda?" Naftali alimuuliza kesho yake.

"Imekwenda na lori la barua leo asubuhi."

Naftali akaenda barazani, kofia mkononi. "Bwana, mvua imekaribia. Naomba ruhusa niende kulima."

"Na sanduku atabeba nani?"

"Bwana, barua imeshasema. Mzigo wako unabeba mwenyewe."

Bwana akamtazama Anselm. Anselm akautazama ukuta.

Naftali alifika Kiomboi siku ya nne. Mkewe Lea alikuwa ameshapanda uwele nusu ya shamba, akamkabidhi jembe kabla hajamaliza salamu. Wiki ya pili tarishi wa boma alikuja kumwita arudi kazini. Lea akamwambia tarishi kwamba mumewe yuko shambani, asubiri. Tarishi akasubiri mpaka kiu ikamzidi, akavua koti la serikali, akaenda kisimani kuchota maji mwenyewe.