Miguu ya Mzee Chengo

Kingi Chengo alikuwa akinywa chai ya tangawizi, na mkewe Dama alikuwa amechutama chini ya dirisha akikausha maji ya bahari kwa tambara. Chumba chao kilikuwa ghorofani, Kibokoni, na maji yale yalikuwa na mwani ndani yake. Bi Zakiya, mwenye nyumba, alichungulia mlangoni.

"Sabalkheri. Baba mkwe tena?"

"Ni yeye, Bi Zakiya. Amekuja alfajiri, akasimama hapo. Asema miguu yamuuma kwa baridi," alisema Dama.

"Mpe pole. Lakini maji yasinishukie chini, nimepaka rangi juzi."

Mzee Chengo alikuwa amekufa zamani. Alikuwa mzee wa Gohu, chama cha wazee wakubwa, na kwa Wagiriama mzee wa namna hiyo huchongewa kigango, nguzo ya mti yenye kichwa cha duara na nakshi kifuani, isimame bomani kwake kwa niaba yake. Kikishasimama hufungwa vitambaa, na kumfunga hivyo mzee ndiko kumwambia kwamba hapa ndipo kwako. Kikishavishwa hakihamishwi, hata mji mzima uhame. Wezi wa vigango walilijua hilo. Walipomfuata Mzee Chengo walimvua kwanza, wakazikunja nguo zake vizuri, wakaziacha mchangani, ndipo wakampakia. Tangu hapo mzee alikuwa hana kwake, na alikuwa akija kwa mwanawe na miguu iliyolowa.

Kingi alitaka jambo moja tu duniani, kumpata babake na kumrudisha bomani. Alikwisha kununua vitambaa vipya Biashara Street, bafta nyeupe, kaniki nyeusi, na kitambaa chekundu cha bendera, akaviweka kwenye mfuko chini ya kiti chake cha unahodha. Siku atakapomsimamisha nyumbani, ndipo amvishe. Alimwambia Dama heri baba angegomba. Ule upole wake wa kulalamika ulikuwa ukimmaliza.

Siku hiyo boti aliyoiendesha ilikuwa Liwatoni, imeoshwa, imejazwa mafuta. Mwenye boti, Fuad, alikuwa amepata wageni wawili wa Nairobi, Lewis na mkewe Winnie, waliotaka kutembezwa pwani kutwa na kulala botini kwenye bandari ya starehe iliyofunguliwa huko kaskazini, ndani kabisa ya hori, mkono wa bahari uingiao bara, mahali pasipo hata duka la sigara. Walipishana na feri ya Likoni, wakatoka mlangoni mwa bandari, wakaiacha Mombasa nyuma. Adhuhuri walikula wali wa nazi na changu wa kukaanga. Winnie alitapika, akaomba radhi, akala tena. Alasiri waliingia horini, na mikoko ikawabana kulia na kushoto.

Gati lilikuwa jipya, na mbele yake zilisimama nguzo za kufungia boti, zimezama majini hadi magotini. Kingi alirusha kamba kwenye nguzo ya tatu, nguzo ikaidaka.

Alishuka kuitazama. Bega la kushoto lilikuwa limemeguka, pale alipojikuna ng'ombe wa shangazi Mbodze.

"Baba," Kingi alisema.

"Umechelewa," ilisema nguzo. "Kaza hiyo kamba. Maji ya huku yavuta."

Kingi alikwenda kwa meneja wa pale, Benard, kijana mstaarabu mwenye funguo nyingi kiunoni.

"Bwana Benard, ile nguzo ni baba yangu. Nataka kumrudisha kwao."

"Ya tatu? Pole sana, mzee. Juzi alikuja mama mmoja, ya tano ni mumewe. Lakini ndizo zinazoshika gati. Mwenye mali akija nitamwambia."

"Huja lini?"

"Hajawahi kuja," alisema Benard, akamwagizia chai.

Jua likielekea kuchwa, Lewis alioga baharini, akatoka akitetemeka, akatafuta pa kuanika kaptura yake. Hakuwa na ubaya wowote. Aliona kichwa cha duara, akaitundika hapo. Maji yalimchuruzika mzee usoni, naye akanyamaza vilevile alivyokuwa akinyamaza alipokuwa hai, akikosewa adabu mbele ya watu.

Kingi aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Aliiondoa kaptura, akaikamua, akamrudishia mwenyewe. "Samahani, bosi. Hapa si pa kuanikia." Kisha alichukua mfuko wake chini ya kiti, akaingia majini na viatu, akamfunga babake bafta shingoni, bendera kifuani, kaniki kiunoni, akikaza mafundo alivyofundishwa na ami zake. Alipokaza la mwisho ndipo alipokumbuka.

Mzee Chengo aliitazama kaniki yake, akayatazama maji, kisha akaangalia gati kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Basi," alisema. "Ni hapa."

"Sikukusudia, baba."

"Najua. Ulikuwa wanisitiri. Lete na kamba ya nyuma."

Kingi alijaribu kuyafungua mafundo. Alikuwa ameyafunga kwa mikono yake mwenyewe, na hakuona pa kuanzia.

Kesho yake aliporudi Kibokoni alimweleza mkewe, wakalala. Alfajiri Dama aliamka, akachutama chini ya dirisha na tambara mkononi, akangoja hadi kulipopambazuka. Sakafu ilikuwa kavu. Bi Zakiya alichungulia, akafurahi.

"Alhamdulillahi. Amerudi kwao?"

"Amepata mahali," alisema Dama, akaendelea kupangusa.

Chai ya Kingi ilikuwa imepoa mbele yake simu ilipolia. Ilikuwa ni Fuad. Wageni walisifu mno. Walilala kama watoto, boti haikuyumba hata kidogo. "Yaonekana pale pana mtu ajuaye kushika kamba. Ijumaa una wengine."

"Ni baba yangu," alisema Kingi.

"Mashallah," alisema Fuad. "Basi umsalimie."

Kingi alisema atamfikishia.